Bibi Meno na Zipu Zinazojing'ata Ulimi

Saa mbili asubuhi, na baridi imekaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga. Kwenye baraza ya duka la rejareja, mwanamke mwenye shali mbili begani anasukuma miwani puani na kujigamba kwa sauti inayovuka barabara.

"Mtaa mzima huu, hakuna mwenye meno mengi kama mimi!"

Kisha anacheka, na kicheko chenyewe kinamuumbua. Mdomoni yamebaki manne, tena hayakutani.

"Hayo ni ya kupigia picha," anasema, akitikisa kopo lililojaa vipande vya zipu. "Ninayosema ni haya. Ya chuma yapo, ya plastiki yapo. Haya hayaoti matundu."

Huyo ndiye Bibi Meno. Jina lake halisi, kwa maelezo yake, linajulikana na binti yake na watu wa hospitali basi. Kazi yake ni zipu za jaketi, hasa zile zinazokamata kitambaa katikati ya safari, zikagoma kupanda na zikagoma kushuka.

Nyuma ya zipu ya jaketi, anaeleza, hushonwa ukanda wa kitambaa wa kuzuia upepo. Yeye anauita ulimi.

"Ulimi ukilegea, meno yanaukamata. Hata wewe, kula huku unaongea uone kama hutajing'ata."

Wa kwanza kwenye benchi ni mlinzi wa lango aliyetoka zamu. Jaketi lake limekwama kifuani, na amekuja nalo mwilini kwa sababu halivuki kichwa.

Bibi Meno hagusi kitu. Anamtazama usoni na kumwuliza swali analomwuliza kila mteja.

"Umevuta?"

"Nimevuta, bibi."

"Sana?"

"Nimevuta mimi, akavuta mwenzangu, tukaita na dereva wa lori."

"Angalau wewe mkweli. Sogea."

Swali hilo si la utani. Aliyevuta amekwisha kukiingiza kitambaa ndani kabisa ya kichwa cha zipu, na fundi akiendelea kuvuta, kinachanika. Kwa hiyo anayekiri hushughulikiwa mara moja. Anayedanganya hukaa mwisho wa benchi mpaka kumbukumbu zimrudie.

Mkono wa kushoto unaukamata ulimi na kuutandaza pembeni. Wa kulia unapitisha kipande cha sabuni kavu juu ya meno, halafu unakirudisha kichwa cha zipu kilikotoka, kidogo kidogo, huku mpini wa kijiko ukikisukuma kitambaa kitoke.

"Watu wote wanataka kwenda mbele," ananong'ona. "Rudi nyuma kwanza, baba. Rudi, hakuna anayekucheka."

Zipu inaachia. Mlinzi anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani.

Lakini hapo kazi ni nusu. Bibi Meno anaweka jaketi chini ya cherehani na kupitisha utepe mgumu ukingoni mwa ulimi, kisha mishono miwili ya kuulaza mbali na meno. Hiyo anaiita kukaza ulimi. Ukikazwa, anasema, haung'atwi tena hadi jaketi lenyewe lizeeke.

Ujuzi huo aliupata kwenye kiwanda cha nguo, alikokaa ujana wake wote akishona ndimi tu. Mwingine mikono, mwingine kola, yeye ndimi. Siku kiwanda kilipofungwa, mume alikuwa amekwisha kufariki na binti alikuwa bado shule. Alitoka getini na cherehani kuukuu waliyopewa watu watatu wagawane.

"Wenzangu walitaka tuiuze. Nikawaambia, mmoja achukue meza, mmoja achukue kiti, mimi nitavumilia hiyo inayobaki."

Kwa cherehani hiyo binti alimaliza shule, na sasa ni muuguzi. Siku njema Bibi Meno hukosa hata nafasi ya kunywa chai. Siku za jua kali, watu wanapoyasahau majaketi, hurudi nyumbani na alichokuja nacho, yaani shali zake. Binti amemsihi apumzike.

"Nikamwambia, mwanangu, nikipumzika nitaanza kukaza ulimi wako."

Hata hivyo, mwaka huu jambo limemkalia kooni. Shule ya jirani imeahidi kumletea majaketi ya watoto wote kabla baridi haijakolea, na imeelekezwa hapa, barazani. Ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Amekwisha kumwita wifi yake, aliyestaafu kazi ya kufua hospitalini, waweke meza ya pili na kufanya karakana ndogo ya wawili.

Ila mwenye duka, ambaye mtaa unamwita Bwana Duka, amempa hadi Jumamosi aondoke. Anasema amenunua friji la soda na litakaa pale pale ilipo cherehani.

"Nihame niende wapi? Shule ije ikute soda?" anasema Bibi Meno, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatanii. "Sihami. Atanibeba na kiti changu."

Hajamaliza kusema, mlango wa duka unafunguka. Bwana Duka anatoka taratibu, shingo imenyooka kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Zipu ya jaketi lake jipya imekwama chini ya kidevu, imeuma ulimi na nusu ya kola. Jasho linamtiririka.

Walioketi benchini wanaangalia viatu vyao wasije wakacheka.

"Bibi, nisaidie haraka. Nina kikao."

"Karibu, mwanangu. Umevuta?"

"Sijavuta."

Bibi Meno anainama, anatazama mkia wa zipu, kile kishikio cha kuvutia. Una mikwaruzo miwili inayong'aa, mmoja kila upande. Anarudi kukaa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo! Imekwama yenyewe."

"Basi kaa mwisho pale."

"Bibi, mimi ndiye mwenye baraza!"

"Na mimi ndiye mwenye kijiko. Lakini tusigombane, tuelewane mbele ya mlinzi huyu. Kama kweli hujavuta, Jumamosi nabeba cherehani yangu na hutanisikia hata nikikohoa. Kama umevuta, mimi na wifi yangu tunakaa hapa mpaka tuchoke wenyewe, na friji lako ulitafutie pa kulala. Umekubali?"

Mlinzi, aliyekuwa amekwisha kusimama kuondoka, anaketi tena.

Bwana Duka anatazama barabara, anatazama benchi. Kugeuza shingo hawezi, kwa hiyo anageuka mwili mzima.

"Nimekubali."

"Apa."

"Haki ya Mungu, sijaivuta zipu hii."

Kisha kutoka ndani ya duka inasikika sauti ya mkewe, kubwa na isiyo na habari na lolote.

"Baba watoto! Plaizi yangu umeipeleka wapi?"

Mkono wa Bwana Duka unaruka na kufunika mfuko wa jaketi.

"Plaizi gani?"

"Si hiyo uliyokuwa unavutia zipu!"

Mlinzi anakohoa kikohozi kirefu kuliko ugonjwa wowote. Bibi Meno hacheki. Anachukua kipande cha sabuni na kumsogezea kiti.

"Kidevu juu, mwanangu," anasema. "Na hiyo plaizi iweke hapa mezani. Wifi yangu ataihitaji."