Kiti cha Mama Mkwe

Jumamosi za nyumbani kwetu Newala zilianza kwa nyundo. Majirani waliamshwa na majogoo au adhana. Mimi niliamshwa na mume wangu akigonga chuma chini ya Landrova yake. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye ndoto akatoka nayo barabarani. Wanunuzi binafsi wa korosho walipanda kwetu juu ya uwanda na pikapu zinazong'aa, ofisi zikaanza kunadi magari yao mabovu, na mume wangu, mwalimu wa jiografia kutoka Singida, akarudi siku moja amekaa kwenye usukani wa gari linalovutwa na trekta. Watu walikuja kumpa hongera. Mimi nilimpa pole.

Nililivumilia gari lile kwa sababu moja tu, nayo ni mama yangu. Kiuno chake kilikuwa kimechoka kwa miaka ya kupandisha ndoo za maji kutoka mabondeni. Nilipoolewa kanisani Masasi, usafiri uliopatikana ulikuwa lori la korosho. Alipandishwa, likaenda kidogo tu, akaomba ashushwe, akarudi nyumbani akilia. Picha zangu za harusi zina mashangazi kila upande, mama hayumo. Jambo hilo liliniuma, na sioni haya kusema bado linaniuma.

Sasa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, muuguzi aliyepanga chumba Mkomaindo mjini Masasi, alikuwa anaolewa huko huko. Mume wangu akaapa mbele yangu, "Safari hii Mama atafika. Tena atafika amekaa kama malkia."

Basi wikiendi zote zikawa za Mama. Alifungua springi, akazipanga upya. Bushi za mpira za kutulizia springi zilipokosekana Newala, zikakosekana na Masasi, alimpelekea mchonga vinyago wa jirani kipande cha kupimia, akachongewa bushi za mpingo. Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini zilipofungwa, ule mlio wa gari kama wa kitanda kibovu ukaisha, nikanyamaza na mimi.

Kazi kubwa ilikuwa kiti cha mbele, cha abiria. Alikitoa, akakijaza sufi aliyoichambua kwa mikono yake, akakishona kwa gunia na kukivisha kanga yangu mpya bila kuniomba. Kisha akakipima. Aliweka sufuria ya uji juu ya kiti, akazunguka nyumba na gari. Uji ulipomwagika, alirudi chini ya gari. Kuku wetu walinenepa sana mwaka ule.

Mama, ambaye tuliishi naye ua mmoja, hakukosa habari hata moja ya kiti chake, ila hakuwahi kumuuliza mkwewe neno. Heshima ya mkwe kwetu si mchezo. Akimwona anakuja, alizunguka nyuma ya nyumba. Akiwa na shida naye, aliipitisha kwangu. Salamu zao nzuri zilikuwa za Jumamosi, mmoja akiwa chini ya gari.

"Shikamoo, Mama," miguu ilisema.

"Marahaba," Mama aliliambia tairi, akapita zake.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nyuma ya gari alitengeneza mabenchi ya mbao kwa ajili ya mashangazi. Wiki ya harusi akasikia kwamba mafuta ya maganda ya korosho yanazuia mchwa, akayapaka mabenchi yote mpaka yakang'aa. Asubuhi ya safari mashangazi walifika kutoka Mnyambe na kanga zao za sare, wakasogea, wakanusa, wakarudi nyuma kwa pamoja. Hakuna mtu wa uwandani asiyejua mafuta yale yanavyobabua ngozi.

Shangazi mkubwa alinigeukia mimi. "Mwambie mumeo, sisi si korosho. Hatukuja kubanguliwa."

Waliamua kusafiri wamesimama, wakishikilia mabomba ya turubai. Hilo likaisha kwa kicheko. Ndipo Mama akatoka, amejitanda vizuri, amepaka mafuta usoni. Alikitazama kiti chake. Akautazama usukani uliokuwa jirani nacho. Akaniuliza polepole, "Na dereva ni nani?"

Mume wangu aliutazama ufunguo wa gari mkononi mwake. Miezi yote ile ya sufi na uji, si yeye wala mimi aliyekumbuka kwamba anayeendesha ni mkwe. Mama akae naye bega kwa bega mpaka Masasi, watu wanaona? Dereva mwingine hatukuwa naye, na basi la Tandahimba lilikuwa linakwenda upande mwingine. Mama alianza kufungua mtandio wake ili arudi ndani. Nikaona picha nyingine ya harusi isiyo na mama, na hasira zikanipanda hadi machozi yakanitoka.

"Usivue!" nilimpigia kelele mama yangu mzazi. Nilinyakua kanga kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikaibana kwa pini kwenye dari la gari, nikaketi katikati, gia katikati ya magoti yangu, pazia upande wa dereva. Mama alilikagua pazia lile, akalivuta kidogo lifike chini zaidi, akapanda.

Tuliondoka kwa vigelegele. Mwaka ule vyama vilikuwa vingi na kampeni zimepamba moto, kwa hiyo watu walipoona gari limejaa wanawake wa sare waliosimama wakiimba, hawakuuliza. Walikimbilia barabarani wakitupungia, kila mtu kwa ishara ya chama chake. Mashangazi waliwajibu wote, bila ubaguzi.

Mbele, mimi nilikuwa posta.

"Mwambie mkwe wangu apunguze mwendo."

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie Mama nimepunguza."

"Amepunguza, Mama."

"Nimesikia."

Kwenye mchanga mzito gari lilizama na kuzimika. Mashangazi waliruka chini, wakasukuma bila kukata wimbo. Mume wangu akaingiza gia ya magurudumu ya mbele, tukatoka. Mbele kidogo likazimika tena. Kila lilipozimika Mama alishika kiuno na kunitazama, nami nilitazama kioo cha mbele.

Tulipoanza kuteremka, nilihisi uzito begani. Nikageuza macho bila kugeuza shingo. Mama alikuwa amelala. Yule yule aliyeshushwa kwenye lori akilia alikuwa anakoroma. Pini ilichomoka, pazia likaangukia mapajani mwangu, nikamwonyesha mume wangu kwa kidevu. Alitazama mara moja tu. Kuanzia hapo aliendesha taratibu mno, hata mtu wa baiskeli aliyefunga gunia la mihogo akatupita na kutupa pole. Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku aliyonioa.

Kanisani Masasi aliegesha kivulini, akazima injini. Ukimya ndio uliomwamsha Mama. Alijinyoosha, akasahau pazia, akasahau na mimi niliyekaa katikati. Akainama mbele na kumtazama mkwewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Limezimika tena, mwanangu?"

Mume wangu alishtuka, akanigeukia mimi kwa mazoea, macho yamemjaa maji.

"Mwambie Mama," alisema, "tumefika."

Kabla sijafungua mdomo, mashangazi nyuma walimwambia kwa vigelegele.