Kandambili za Matroni

Wasichana wa bweni walimwita Kandambili, naye alilijua jina hilo siku nyingi wala hakumkemea mtu kwa ajili yake. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika chuo cha ualimu, mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni na bega la kulia lililoshuka kuliko la kushoto. Alipopanda ngazi kwenda ghorofani, ungedhani anaburuta gunia: chwapa, chwapa, chwapa, na kila baada ya ngazi chache kikohozi kikavu ambacho hakikutokana na ugonjwa wowote.

Hakuanza hivyo. Alipoajiriwa alivaa raba zenye soli laini, na alinasa watu kama paka anavyonasa panya. Kwa kanuni za chuo, ukaguzi wa bweni ni wa kushtukiza, na yeye alishtukiza kwelikweli. Kilichomshinda ni masanduku. Palikuwa na utaratibu wa zamani, ambao hakuna aliyekumbuka nani aliuanzisha, kwamba msichana anayeondolewa chuoni kwa adhabu husindikizwa na matroni hadi getini. Msichana hushika mkono mmoja wa sanduku lake la bati, matroni hushika wa pili. Njia ya kwenda getini ni ndefu na ya kokoto. Huwezi kubeba sanduku na mtu njia nzima bila kuzisikia pumzi zake. Wengi walilia. Mmoja alicheka mwanzo hadi mwisho, na huyo ndiye aliyemchosha kuliko wote.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, kwenye nyumba ya chuo waliyopewa kwa sababu ya kazi ya mke, na jioni alimkanda bega kwa kitambaa cha maji moto.

“Bega hili litang'oka,” alimwambia siku moja. “Kwani wewe ni matroni au mpagazi?”

“Wakikosea wanafukuzwa. Wakifukuzwa nabeba.”

“Basi waambie wasikosee.”

“Wana miaka ishirini, baba. Wewe ulipokuwa na miaka ishirini hukukosea?”

“Nilikuoa wewe,” alisema fundi, akakamua kitambaa.

Matroni alicheka mpaka bega likamuuma upya. Wiki iliyofuata alinunua kandambili.

Hakuna aliyeelezwa lolote, lakini bweni zima lilielewa. Kosa kubwa mle lilikuwa hita, yaani ule waya uliojiviringa unaotumbukizwa kwenye ndoo ili kuchemsha maji. Maji ya bombani yalikuwa ya baridi, wasichana walikuwa wengi, na kila chumba kilikuwa na hita yake mafichoni. Kandambili zikisikika ngazini, hita hutoka ndooni na kuingia kabatini. Matroni akifika hukuta watu wamekaa wima kama wako ibadani.

“Maji haya mbona yanatoa moshi?” huuliza. “Yana homa?”

“Ni jua la dirishani, Mama.”

“Jua la leo lina bidii kuliko ninyi.” Kisha huenda zake.

Miongoni mwao alikuwepo msichana wa mwaka wa mwisho aliyeitwa Ticha hata kabla hajawa mwalimu. Sababu ni kwamba alipanga mito ya wenzake kitandani na kuifundisha sehemu na desimali kwa sauti ya darasani. “Wewe mwenye foronya ya maua, acha kusinzia!” Wenzake walimcheka, kisha wakahamia chumbani kwake kusikiliza, maana alieleza vizuri kuliko wakufunzi. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia.

Asubuhi ya Jumamosi moja, maji ya Ticha yalikuwa hayajapata moto sawasawa aliposikia chwapa za ngazini. Aliitoa hita ndooni, akaisukuma chini ya kitanda, akaifunika blanketi, akachomoa waya ukutani. Waya aliouchomoa ulikuwa wa pasi.

Matroni aliingia, akatazama, akasema neno lake la jua, akatoka. Alikuwa amefika mwisho wa ujia aliposikia harufu. Hakuna aliyeumia, Mungu alisaidia. Magodoro mawili yaliteketea, na ukuta ukawa mweusi hadi darini.

Kamati ya nidhamu ilikaa Jumatatu katika chumba cha mikutano. Makamu mkuu wa chuo alikuwa mwenyekiti. Mkufunzi wa hisabati alikaa kuliani kwake, na matroni, mjumbe kwa wadhifa wake, kushotoni. Kwa kawaida alikuja na viatu vyeusi vya kufunika, lakini siku hiyo hakuwa na nguvu hata ya kuvitafuta.

Makamu alisoma kanuni polepole. Kukutwa na hita ni kusimamishwa mwaka mmoja. Kusababisha moto katika kuficha kosa ni kufukuzwa, na aliyefukuzwa kwa namna hiyo hapokelewi na chuo kingine chochote cha ualimu.

“Ukaguzi ni wa siri,” alimwambia Ticha, aliyesimama mikono nyuma. “Wewe ulijua unakuja. Mtaje aliyekuambia, nami nitakufikiria. Ukinyamaza, unafukuzwa.”

“Hakuna aliyeniambia, Mwenyekiti.”

“Basi ulioteshwa?”

“Mwanangu, sema tu,” mkufunzi wa hisabati aliingilia kwa upole. “Hata jibu likiwa baya, tukiona njia tunatoa alama mbili tatu.”

Ticha aliinamisha kichwa. Macho yake yaliteleza sakafuni, yakafika chini ya meza kwenye miguu ya matroni, yakaondoka upesi kama yaliyogusa kaa la moto. Hakuna mwingine aliyeyaona.

Matroni aliyaona. Aliiwaza ile nyumba, baraza na cherehani. Aliliwaza pia sanduku la bati la msichana huyu, lililojaa vitabu, na ile njia ya kokoto. Akajiona amechoka kuliko alivyoogopa.

“Mwenyekiti, ni mimi.”

“Ulimwambia wewe?”

“Sikumwambia. Nilitembea.”

Makamu alivua miwani. Matroni aliinuka, akaenda hadi mlangoni na kurudi. Chwapa, chwapa, chwapa. Katikati ya safari alikohoa. Mkufunzi wa hisabati aliziba mdomo kwa kiganja.

“Unawaonya,” alisema makamu.

“Miaka yote.”

“Kwa nini?”

“Nimechoka kubeba masanduku.”

Makamu akasema, bila hasira, “Mchelea mwana kulia hulia yeye.”

“Ndiyo, Mwenyekiti. Nimewazoesha kuficha kitu kabla hakijapoa. Hita ni kosa lake, mpeni adhabu yake. Moto ni wetu wawili, msimtwike peke yake.”

Walibishana hadi saa ya chakula. Ticha alisimamishwa mwaka mmoja, kisha arudi kuurudia mwaka wa mwisho. Matroni aliondolewa bwenini, akapelekwa stoo ya vitanda na mashuka, na nyumba akatakiwa kuirudisha.

“Cherehani haina mizizi,” fundi alisema aliposikia. Akaifuta vumbi kwa kiganja. “Ila baraza hili lilikuwa na mwanga mzuri.”

Kesho yake matroni alibeba sanduku lake la mwisho, lile la Ticha. Alishika kwa mkono wa kushoto, kwa mara ya kwanza.

“Mama, nisamehe.”

“Inua upande wako, linanilalia.”

Karibu na geti Ticha aliuliza, “Mwakani nikirudi, atakuwepo nani bwenini?”

“Mwenye raba,” alijibu. “Oga maji baridi, mwanangu. Hayajawahi kumfukuzisha mtu.”

Mlinzi alifungua geti. Ticha alimkumbatia, kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu, hadi matroni akaguna kwa maumivu ya bega. Kwa jinsi alivyolivuta sanduku lile kuelekea barabarani, ungedhani anakwenda na atarudi kesho.

Matroni alirudi bwenini kukabidhi funguo. Alijaribu kutembea kimyakimya, maana sasa hakuwa na wa kumwonya, lakini miguu ilikwisha kuzoea. Alipofika ngazini, chwapa zikatangulia. Ghorofani akasikia vishindo vya haraka, maji yakimwagika, na milango ya makabati ikigongana.

Alisimama katikati ya ngazi, akashika reli, akapandisha pumzi.

“Chomoeni kwanza ukutani!” alipaza sauti. “Na usiwe wa pasi!”