Mbio za Butare na Chungu cha Maharage

Nakumbuka vizuri siku niliyoketi chini katikati ya mashindano, mwanangu, na leo asubuhi umenilazimisha kuikumbuka tena. Umepita mbele ya mlango wangu mbio, nyuzi za muziki masikioni, hukusema jambo, hukupunga mkono. Jirani yetu Maman Zawadi akatoka na mwiko mkononi: "Papa Sofi, kuna nini huko? Ule mutoto anakimbia nini?" Nikamwambia ni mazoezi. Akaja mwingine kuuliza, kisha mwingine. Nimechoka! Mimi si redio ya mtaa. Basi kaa hapo, toa hivyo vitu masikioni, unisikilize hata kama una haraka.

Nilikuwa kijana kama wewe, miguu kama yako, kichwa kigumu kuliko chako. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, wazazi walikokimbilia nami nikazaliwa, tukapata shamba dogo la mpunga hapa Bugarama. Ng'ambo ya mpaka, kule Kongo tulikotoka, vita vilikuwa havijaisha. Siku nyingine mizinga ilisikika mpaka huku, unaacha kutafuna ili usikilize. Ndipo watu fulani wakaleta wazo la mashindano: kuanzia Muganza, kupanda vilima mpaka juu Butare, hii ya kwetu, si ule mji, kupita ule uwanda wa majani karibu na msitu, halafu kurudi. Marathoni nzima ya milima! Zawadi ilikuwa baiskeli mpya, kinga, kama tulivyosema Bukavu. Hiyo baiskeli niliiota, mwanangu. Mama yangu alikuwa akibeba mpunga kichwani mpaka mashineni, shingo imemkaza hata akiitwa anageuka mwili mzima. Nikamwambia, "Maman, hii kinga ni yako." Nilimpa kabla sijaipata, unaona vijana tulivyo.

Wale wa kamati ya mashindano walizunguka na kipaza sauti Muganza, sokoni, kanisani, msikitini. Bonde lote lilijua. Sasa niambie, nani alipanda kilimani kuwaambia watu wa juu? Hakuna! Gari lilikuwa haliwezi kupanda, na wenyewe sijui walipewa miguu ya nini. Mpaka leo nikifikiria jambo hilo damu inanichemka.

Tulianza kundi kubwa. Vilima vikatuchuja, na kufika juu tulibaki wachache, mimi mbele, Selestini wa Rwimbogo akinipumulia mgongoni. Kule juu hakuna mti wala nyumba ya kukukinga. Upepo unakusukuma ubavuni, shati linapiga kelele, machozi yanakutoka bila kulia. Chini kidogo ya njia, karibu na nyumba zao, watu walikuwa wakilima viazi. Mmoja akainua kichwa akatuona: vijana wanakuja mbio kutoka upande wa mpakani, wanahema, hawaangalii nyuma. Akatupa jembe, akakimbia.

Wa pili naye akakimbia. Kabla hujameza mate, kilima kizima kilikuwa mbioni mbele yetu, akina mama na watoto mgongoni, mzee mmoja na godoro kichwani, mbuzi wanaburutwa. Wote wanaelekea msituni. Na kando ya msitu walikuwapo wanajeshi wa doria. Wakiona kundi la watu linawajia mbio, wangefikiri nini? Siku zile kila mtu alikuwa na hofu, hata mwenye bunduki.

Nikapiga kelele, "Hakuna kitu! Ni mashindano! Mashindano tu!" Upepo ukayachukua maneno yangu ukayapeleka Burundi. Tena nilipiga kelele kwa Kiswahili, maana Kinyarwanda changu wakati ule kilikuwa cha kuchekesha, na kwa watu wa kule juu Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi. Wakaongeza mwendo. Nikaongeza na mimi niwafikie niwaeleze. Wakaongeza zaidi! Nilitaka kulia kwa hasira. Unamkimbiza mtu ili umwambie asikimbie, umeona wapi?

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja mdogo wa mwili, amekumbatia chungu cha maharage alichokitoa motoni, mchuzi unamwagikia mkononi, na bado hakiachi. Hapo ndipo nikaelewa. Mdomo wangu ulisema hakuna kitu, miguu yangu ilisema kifo.

Na pale ndipo njia ya mashindano ilipokata kushoto kurudi bondeni. Ningekata tu, baiskeli ilikuwa yangu, na kilima kingeingia msituni bila mimi. Nikasimama. Haikutosha, bado walikuwa wanakimbia. Nikaketi chini katikati ya njia, nikavua viatu, nikaanza kukung'uta mawe polepole kama mtu aliyefika kwake. Selestini akanipita. "Pole, Papa Kinga!" akacheka, maana wote walijua ninavyoiota ile baiskeli, akakata kushoto, akaenda.

Bibi aligeuka kutazama nyuma. Akaniona nimekaa. Akasimama, akarudi hatua kwa hatua.

"Weye mutoto ya nani? Banakuya wapi?"

"Hakuna banaokuya, Koko," nikamjibu, maana Bukavu bibi tulimwita hivyo, "hakuna anayekuja. Tunashindana tu."

"Munakimbia na hakuna muntu nyuma yenu?"

"Ndiyo, Koko."

"Muko na akili?"

Kiswahili alikuwa nacho, aliwahi kuuza viazi Bukavu. Akaweka chungu chini, akaweka mikono mdomoni, akaita wenzake kwa Kinyarwanda kwa sauti ambayo hata upepo uliiogopa. Mmoja mmoja wakasimama, wakarudi. Msituni hakuingia mtu.

Ungefikiri alinishukuru. Wapi! Alinigombeza mpaka masikio yakawaka. "Sisi tulikimbia, tukakimbia tena. Mimi nilizika batoto njiani. Weye unakimbia juu ya shamba yangu sababu ya kinga? Bila kuambia muntu?"

"Koko, si mimi niliyesahau, ni kamati."

"Kamati sikuiona. Nimeona miguu yako."

Nilikuwa na hasira na kamati, na Selestini, na upepo, na yeye pia. Akanisukumia chungu nile maharage yaliyobaki, bila kijiko. Nikala. Kisha nikambebea yule mzee godoro lake mpaka nyumbani, na kulikuwa mbali.

Muganza nilifika jioni, wa mwisho kabisa, baiskeli imeshakwenda Rwimbogo. Nikamweleza mama yote, nikingoja aniambie pole. Akauliza, "Yule bibi, mkono umeungua sana?" Hiyo tu. Kesho yake akajitwika mpunga wake akaenda mashineni.

Basi, mwanangu, kimbia. Sikukatazi, miguu unayo. Lakini hapa kwetu mtu anayekimbia anawaambia wengine mambo yaliyopita kabla hujazaliwa, hata kama yeye anawaza muziki wake tu. Sema jambo kwanza. Mwambie Maman Zawadi, ninafanya mazoezi, ninarudi. Ukiona mtu amesimama mlangoni na mwiko mkononi, punguza mwendo aone uso wako. Na usiniambie hukutumwa wewe kutangaza, hilo nililisema mimi kabla yako, likajibiwa.

Mungu akupe mapafu ya kupanda Butare na kushuka. Akujalie baiskeli ambayo mimi sikuileta. Na kila mlango utakaoupita mbio, wenyewe wabaki wameketi, na chungu chao kibaki motoni.