Mtandio wa Ba

Harufu ya pamba inayopata moto wa pasi hadi leo hunirudisha kwenye kosa langu kubwa la kwanza. Nilikuwa na miaka kumi, tulikaa Kenton, London, na nilinyoosha kitu ambacho hakikutakiwa kunyooshwa.

Niseme kwanza nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto wa kupanga soksi kwa rangi. Daftari likiwa na kosa moja, nilichana ukurasa mzima. Hata Kiswahili hiki nimejifundisha mwenyewe ukubwani, maana utotoni nilikielewa tu na kujibu kwa Kiingereza, na kila sentensi hapa nimeifuta mara kadhaa. Kwa hiyo Ba, bibi yangu mzaa baba, alipotangaza kwamba anakwenda India kupanda mlima wenye hekalu la Mama, mungu wa kike wa ukoo wetu, nilijiteua kuwa mkuu wa maandalizi.

Ba alizaliwa Kisumu na mlima ule hakuwahi kuuona. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba atapanda ngazi zote kwa miguu yake, habebwi kwenye kiti kama wazee wengine. Basi nyumba ikinukia uwatu, mama yangu akichoma chapati za njano za safari, Ba alipanda na kushuka ngazi zetu na mfuko wa mchele mgongoni. Alipozizoea, alihamia za stesheni ya treni. Mfanyakazi mmoja wa pale alimuuliza kila asubuhi kama amepotea. Ba alimjibu kwamba hajapotea, ila bado hajafika.

Habari zilienea mtaani na watu wakaanza kuja, kwa sababu kwetu anayekwenda kwa Mama hubeba maombi ya wanaobaki. Waliingia chumbani kwa Ba, mlango ukafungwa, nami nikaona viatu tu vimepangwa ukumbini. Wala havikupangwa vizuri, nilivipanga upya. Hata Mama Njeri, jirani yetu wa kutoka Nakuru, muuguzi na mwanakwaya, alipita kutania.

"Ba, huko juu wanasikia Kikuyu?"

"Huko hawaulizi lugha, wanauliza magoti. Yako yakoje?"

Mama Njeri alicheka, akasema ya kwake yaliishia wodini, akaenda zake.

Siku mbili kabla ya safari niliachiwa sanduku nilipange. Ndani yake nilikuta mtandio wa Ba, mweupe, wa pamba, na ukingo wake ulinikera. Mtu alikuwa ameubana vipande vidogovidogo na kuvifunga kwa uzi mwekundu. Nilichukua mkasi wangu wa shule, nikakata nyuzi moja baada ya nyingine, nikaupiga pasi hadi ukalala kama karatasi. Nilijiona fundi.

Ba alipouona alikaa kitandani. Hakunigombeza. Aliuliza tu nyuzi ziko wapi. Zilikuwa kwenye pipa, chini ya maganda ya viazi. Mama yangu ndiye aliyenieleza, kwa sauti ambayo sijaisahau, kwamba kila fundo lilikuwa mtu, na kwamba nimekata maombi ya watu kumi na wanne.

Nililia hadi nikapata kwikwi. Kisha nikakimbilia nilichokijua: karatasi na kalamu. Nilimwambia Ba anitajie majina na shida zao, niandike orodha safi. Akatikisa kichwa. Mbele ya Mama wa mlimani, alisema, kama alivyosimuliwa, umati unakusukuma nyuma, walinzi wanakuvuta mbele, unapata muda wa kupepesa jicho tu. Nani atatafuta miwani? Pale vidole ndivyo vinavyosoma.

Tukauinua mtandio dirishani. Pasi yangu haikuwa imefuta kila kitu. Ukingoni ilibaki mikunjo midogo, kama alama za meno. Ba alishika mmoja mmoja, akakumbuka, nami nikafunga uzi mpya. Huyu figo zake. Huyu mtihani wa udereva, mara ya tano. Huyu mkwe. Alipofika wa mwisho, ule wa pembeni, aliushika muda mrefu. Akanitazama, mimi na kalamu yangu sikioni.

"Huyu amenitoka," akasema. "Funga tu."

Nilifunga. Muda wote Ba alipokuwa safarini sikulala vizuri. Mahali fulani Kenton palikuwa na mtu ambaye ombi lake nililiua, naye hajui. Nilikagua nyuso za watu dukani. Ba aliporudi, nyayo zimembambuka, nilimuuliza kabla hajavua koti. Alisema alipanda ngazi zote, na mafundo aliyashika yote.

Miaka ikapita. Kila aliyejibiwa alikuja kufungua fundo lake mwenyewe, ndiyo desturi. Yule wa udereva alikuja akipiga honi. Mwishowe likabaki moja, la pembeni.

Ba alifariki mwaka juzi. Siku ya matanga, Mama Njeri na mimi tulikuwa jikoni tukiosha vikombe, nikajikuta namwambia habari ya fundo lililokosa mwenyewe kwa sababu yangu. Aliendelea kufuta kikombe kilichokwisha kukauka.

"Lile ni langu," akasema. "Siku ile niliyopita kutania, nilirudi jioni yake, nikamwomba asimwambie mtu. Hata watu wa nyumba hii. Unajua maneno ya kanisani."

Kumbe Ba hakusahau. Alikubali kuonekana mzee asiyekumbuka, mbele ya mjukuu aliyekuwa tayari kuandika kila kitu.

Niliuleta mtandio mezani. Mama Njeri alikausha mikono, akafungua uzi bila haraka, akauweka mfukoni mwa aproni. Alisema alijibiwa siku nyingi, ila hakupata namna ya kuja kufungua bila kuonekana.

Zamani ningemuuliza aliomba nini. Sikumuuliza. Mtandio uko kabatini kwangu na mikunjo yake kumi na minne, na siupigi pasi.