Honi Apata Kazi ya Kunyamaza

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Mtaa mzima ulimwita Honi, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana kila mwenye masikio alijua. Siku za mechi sauti yake ilitoka uwanjani, ikavuka ukuta, ikapita mitumba na vinyozi, na hata aliyebaki nyumbani anakaanga vitunguu alijua nani ana mpira na nani amelala.

Wasiomjua vizuri walisema yule mama ana mdomo. Mdomo alikuwa nao, tusimsingizie kuwa hana. Lakini kelele zile zilikuwa na mwenyewe. Ubavuni kwake, kwenye benchi la saruji karibu na kona, alikaa baba yake mzazi, fundi bomba mstaafu, ambaye presha ya macho ilimpokonya jicho moja, kisha la pili, ikamwachia giza na mapenzi ya timu yake. Kwa hiyo Honi alimwangalizia. "Tumeupata, baba! Beki kampa Umeme, Umeme anakwenda, kampiga mtu chenga, kampiga na wa pili, wanamkimbiza hawampati!" Mzee alicheka peke yake huku akigonga fimbo chini.

Sasa, huyo Umeme. Lazima tuambizane ukweli. Winga yule watu walimwita Toroli, kwa sababu hakwenda mpaka asukumwe. Umeme lilikuwa jina alilotunga Honi kwa ajili ya masikio ya mzee, na majirani wa benchi, kwa kumwonea mzee huruma, wakalidaka nao wakalitumia, mpaka winga mwenyewe akaanza kulitamka mbele ya kioo. Honi alitia chumvi, na mkono wake haukuwa mwepesi. Shuti lililotua juu ya paa la choo, kwake lilikuwa limeparaza mlingoti. Mechi aliyoiona mzee kwa masikio ilikuwa tamu kuliko ile waliyoiona wenzake kwa macho, na wote walilipa kiingilio kilekile.

Kisha kubeti kukaruhusiwa rasmi, na mtaa ukabadilika sura. Lililokuwa duka la vitambaa likawa la mikeka, yaani tiketi za kubeti, lililokuwa la mikate likawa la mikeka, na aliyetafuta mkeka wa kulalia akaambiwa aende mtaa wa tatu. Kila duka lilitaka keshia, mlinzi, mfagiaji, fundi wa mashine, na mtu mvumilivu wa kuwaeleza wazee kwa upole kwamba mkeka umechanika na hakuna gundi yake. Vijana waliokuwa wakishinda vibarazani wakaonekana asubuhi na fulana za kola, wanatembea haraka. Kampuni ziliajiri mpaka zikaishiwa watu, na bado zikawa na nafasi.

Honi hakuwa na habari nazo. Yeye alikuwa na shida yake. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, lakini sare zilizoshonwa tayari zilifurika madukani, wateja wakaadimika, na cherehani aliifunika kwa kitambaa kama inavyofunikwa televisheni ya mtu aliyesafiri.

Siku moja akatokea uwanjani kijana wa viatu vyeupe, msimamizi wa kampuni mojawapo. Watu walikuwa wanabeti huku mechi ikiendelea, hivyo kampuni ilitaka kila uwanja uwe na mtu wa kuiarifu papo hapo: kona, kadi, goli. Kijana alisimama nyuma ya benchi kipindi kizima, kisha akainama.

"Mama, shikamoo. Wewe unauona mpira kabla haujafika."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeona mengi."

"Una ndugu anayecheza hapa?"

"Sina."

"Unashabikia timu gani?"

"Mimi nashabikia mpira," alijibu Honi, na benchi zima likakohoa kwa pamoja.

Akapewa simu yenye vitufe vikubwa, kofia, na beji yenye picha yake. Akapewa na masharti. Asibeti, yeye wala mtu wa nyumbani kwake. Asikae na mtu. Na asipige kelele, hata moja.

"Anayeshangilia, mama, macho yake hufuata moyo," kijana alimweleza. "Wewe utakaa kule juu jukwaani, utaona, utabonyeza, basi. Ukimaliza msimu bila kosa, nakupa mkataba wa kudumu."

Kwa hiyo kijana aliyeajiri sauti aliiajiri ili ainyamazishe. Honi aliitaka kazi ile, tusifichane. Aliitaka sana. Katika maisha yake yote hakuwahi kuvaa kitu chenye picha yake, na usiku ule wa kwanza aliitundika beji ukutani mahali ambapo angeiona akiamka.

Mechi ya kwanza watu waligeuza shingo. "Honi kaharibika?" aliuliza mmoja. "Betri imeisha," akajibu mwingine. Wakaanza kumchokoza, wakampongeza refa kwa nguvu, wakamsifia kipa wa wageni. Honi huko juu alibana midomo mpaka mashavu yakauma, akabonyeza kona.

Mzee alikabidhiwa kwa jirani yao, fundi viatu, mtu mwema asiye na maneno.

"Nani ana mpira?" mzee aliuliza.

"Yule."

"Yule nani?"

"Yule mrefu."

"Anafanya nini?"

"Anacheza, mzee."

Njiani kurudi nyumbani Honi alimuuliza baba yake mechi ilikuwaje. Mzee alifikiri kidogo. "Fundi yule," akasema, "viatu anashona vizuri sana."

Wiki zilizofuata mzee akaanza kuwa na visingizio. Mara goti, mara upepo. Jumapili moja alibaki nyumbani na redio iliyokuwa ikitangaza habari za barabara, na Honi alipomwona hivyo wakati anavaa kofia yake ya kazi, aliivua, akaivaa tena. Alijua kabisa anachokichukua na kutoka kwa nani. Akaenda kazini hata hivyo, maana beji hailipiwi na huruma.

Na huko juu, akiwa hana wa kumsimulia, kwa mara ya kwanza aliiona timu yake ilivyo. Msalale! Toroli alikuwa mbovu kuliko alivyomkumbuka. Mabeki walikuwa wakiombana radhi badala ya kukaba. Alibonyeza kila alichokiona, bila kuongeza, bila kupunguza, na msimamizi akamtumia ujumbe kwamba hana mtu makini kama yeye.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Timu ikishinda inabaki daraja lake, isiposhinda inashuka. Honi naye, akimaliza salama, mkataba huo. Siku hiyo mzee alikataa kubaki. "Kama wanakufa, nitawazika," alisema, akachukua fimbo.

Mechi ilikwenda bila goli mpaka dakika za lala salama. Hapo ndipo beki wa wageni alipojikwaa, mpira ukadunda mbele ya Toroli, kipa akatoka mbio, akateleza, akaanguka. Mbele ya Toroli kukawa na goli tupu, nyavu, na Mungu. Uwanja mzima ulisimama. Toroli akapiga. Honi hakufungua mdomo. Mdomo aliuweza. Alichokisahau ni kidole, na kidole, kilichokuwa kimenyamaza msimu mzima, kikapiga kelele peke yake. Kikabonyeza GOLI.

Mpira ukagonga mwamba, ng'aa! Ukatoka nje.

Honi alibonyeza FUTA haraka sana, lakini cha kuandikwa kilikuwa kimeandikwa. Huko mbali, kwenye simu za watu asiowajua, wapo waliosimama kwenye makochi wakishangilia, kisha wakaketi. Filimbi ya mwisho ikalia. Timu imeshuka. Simu nayo ikaita.

Fundi viatu, aliyekuwa amepanda kumfuata, aliona uso wake na kwa mara ya kwanza akasema sentensi ndefu. "Dada, mwambie ni mtandao. Kila mtu husema mtandao."

Honi akapokea.

"Mama," sauti ya msimamizi ilisema, "goli liko wapi?"

Mtandao ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Angeusema, na ungeaminika. Lakini alikuwa amechoka na kubana midomo.

"Halipo, mwanangu. Nilibonyeza kabla halijaingia. Nilitaka liingie."

"Kesho asubuhi nakuja kwako," kijana akasema, akakata.

Walirudi nyumbani polepole, mzee amemshika bega. Honi alisema, "Umeme kakosa, baba." Ilimtoka kwa shida, maana kwa mzee Umeme hakuwahi kukosa, alikuwa akionewa tu na milingoti.

"Yule lini alipata?" aliuliza mzee.

Honi akasimama katikati ya njia.

"Mwanangu, mimi nimepofuka macho. Masikio yangu mazima. Mpira ukigonga paa la choo, mabati yanalia. Ukinambia umeparaza mlingoti, mimi fundi bomba, sijui chuma kinavyolia?"

"Kumbe ulijua! Miaka yote?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikuwa unacheka na kugonga fimbo?"

Mzee alisema anasikia kiu, wakaendelea kutembea.

Asubuhi Honi alikuwa amekwisha kuikunja beji na kamba yake, kaiweka juu ya simu, kaviweka vyote juu ya kofia. Kijana wa viatu vyeupe alifika, akakaa, akavitazama.

"Mama, unajua ni wangapi wamekosea msimu huu?"

"Sijui."

"Karibu wote. Na wote waliniambia mtandao. Siku mtandao ulipokuwa mzuri waliniambia jua." Akasukuma beji irudi upande wake. "Kampuni inafungua michezo mipya na mimi watu sina. Nikimfukuza na msema kweli, nitabaki na viti. Ila kwenye mpira wa miguu nakutoa. Wewe ni mgonjwa wa mpira, mama." Kisha akauliza kwa makini, "Kuna mchezaji yeyote wa mpira wa meza unayempenda?"

"Sijui hata wanagombania nini."

"Safi kabisa," alisema kijana, akatoa mkataba.

Hivyo Honi akahamia ukumbini, kwenye mpira wa meza, ambako kunyamaza ni adabu ya kila mtu, akabonyeza alama za watu asiowajua kwa moyo uliopoa. Hakuna goli la huruma kule. Na timu yao, huko daraja la chini ilikotupwa, haikuwa na mkeka, wala kitufe, wala mtu wa kofia. Kampuni zilikuwa hazijafika huko bado.

Jumapili ya kwanza ya msimu mpya Honi na baba yake walirudi kwenye benchi la saruji. Majirani walisogea wakawapisha. Toroli alikuwemo, maana hakuna timu nyingine iliyomwomba. Mapema tu akabaki yeye na kipa, akaupeleka mpira kwa wauza miwa.

Honi alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Mzee anajua. Kumdanganya mtu anayejua ni utovu wa adabu, na tena yeye sasa ni mtu wa mkataba.

"Kakosa, baba," alisema kwa sauti ya kawaida. "Kabaki na kipa, kapiga nje. Mbali."

Fundi viatu akaangalia viatu vyake. Mzee akamgeuzia Honi uso wote.

"Hayo nimeyasikia mwenyewe," alisema. "Wewe unadhani mimi nakuja huku kufuata habari? Habari zipo kwenye redio. Nakuja kukusikiliza wewe. Tia chumvi, mama."

Honi alimtazama. Macho yalimlowa, akayafuta kwa kiganja, hakujificha. Kisha akasimama juu ya benchi, akavuta pumzi ya msimu mzima.

"Umeeeme, baba! Umeme anarudi! Kaomba mpira, kapewa, mabeki wanatetemeka!"

Mtaani kitunguu kikaungua kwa mtu. Na Toroli, ambaye kwa kweli alikuwa amesimama ameshika kiuno, aliposikia jina lake akaanza kukimbia.