Kwa Nini Mkulima Alilia

Harufu ya kitabu kipya hunitia hasira. Najua wengine huipenda. Mwanangu aliye sekondari hufungua kitabu chake cha hadithi za Kiingereza, akakiweka puani na kuvuta kama anavuta mvuke wa pilau. Mimi ile harufu ya gundi na karatasi ikinifikia kaunta ya duka langu, huondoka nikaenda nyuma kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nivute vumbi la pumba mpaka moyo utulie. Mashine ni yangu. Duka ni langu, na lori linalopakia ndizi pale nje ni langu pia, hapa Garsen hakuna asiyejua. Vyote nimevipata bila kuvuka darasa la nane. Nayasema mapema msije mkadhani anayewaandikia ni mtu aliyeshindwa, anatafuta wa kumlaumu. Sikushindwa. Nilikasirishwa, na bado sijamaliza kukasirika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tukiimbia bendera ya Mwingereza asubuhi na miguu yetu ikiwa peku. Shule yetu ya misheni, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa kwenye ukingo wa mto, juu kidogo ya Golbanti. Kuta zilikuwa za udongo, na madirisha matundu tu, mbuzi akitaka kusoma anaingiza kichwa. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wakulima wa Kipokomo, na walikuwako pia vijana wachache wa Kiorma ambao baba zao walichunga ng'ombe nyuma kule mbugani.

Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Nehemia. Alitoka mbali, penye ardhi kavu, na wapi hasa sitasema maana wajukuu zake hawana kosa. Alivaa soksi ndefu hata kwenye tope. Darasa la nane alitufundisha kwa majivuno makubwa. "Hapa hatusomi maneno," alikuwa akisema, "tunasoma fasihi, kama wanafunzi wa sekondari." Sekondari! Neno hilo lilitufanya tukae wima. Misheni ilikuwa na nafasi moja, kumpeleka kijana mmoja tu sekondari huko Pwani ya kusini, na mwisho wa mwaka angekuja mkaguzi Mzungu kusikiliza Kiingereza chetu na kumchagua.

Nafasi ile ilikuwa yangu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Nilisoma Kiingereza bila kukwama, nikitelemka ukurasa mzima huku wenzangu wangali wanahangaika na mstari wa kwanza. Jillo, aliyekaa dawati moja na mimi, alikuwa akisubiri nimalize ndipo aninong'oneze, "Buya, hebu niambie hicho ulichosoma kina maana gani." Nilimwambia kila siku.

Sasa ile hadithi. Ilikuwa ya mkulima wa Uingereza aliyekaa kando ya mto. Mvua ikanyesha milimani, mto ukajaa, maji yakafunika mashamba yake. Mkulima akapanda kilimani na mkewe, akatazama chini, akalia. Hadithi ikaishia hapo. Mwalimu akauliza, kwa Kiingereza, maana kila neno darasani lilikuwa kwa Kiingereza: "Kwa nini mkulima alilia?"

Nilinyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Nikasema alilia kwa furaha.

Nielezeni ninyi mnaosoma, mngejibu nini? Sisi mto usipojaa ndipo tunapolia. Maji yakishuka kutoka juu, mekundu, na ile harufu yake ya udongo mbichi na majani yaliyooza, wanawake hutoka mbio kwenda kuyatazama yakiingia mashamba ya mpunga. Yakikaa, tunapanda. Yakipita mbali, mwaka mzima ni kuomba kwa ndugu. Tena mto ukijaa tunahamia juu, kama yule mkulima alivyopanda kilimani. Mimi niliiona hadithi nzuri kabisa, ya mtu aliyepata.

Mwalimu alinitazama kama nimetapika juu ya kitabu. "Mafuriko ni msiba," alisema. "Sema."

"Mwalimu, huyu mtu si atapanda mpunga?"

Nyuma yangu Godana, kijana wa Kiorma, akadakia, "Na majani ya ng'ombe, mwalimu! Labda analia kwa kuwa hana mtumbwi." Darasa likaangua kicheko. Tulichapwa sote wawili, Godana kidogo na mimi sana. Kisha mwalimu akanishika sikio, akaniambia polepole kwamba mkaguzi atauliza hilo hilo, na jibu ni moja: alilia kwa huzuni. Nikilisema, nakwenda sekondari. Jioni ile Jillo alinikanda mgongo kwa maji ya chumvi. "Wewe liseme tu," aliniambia. "Huyo mkulima ni ndugu yako?"

Nilikubali. Nilikuwa tayari kulisema, na msinione shujaa.

Siku mkaguzi alipokuja, mto ulikuwa umejaa. Asubuhi mama yangu alifika kwa mtumbwi kuniletea kambare mkavu na habari: maji yameingia shambani, yameingia vizuri, wanawake wote wako huko wanaimba. Nguo yake ilikuwa imefungwa juu, na tope lilikuwa limemfika magotini. Nikamwambia arudi nyumbani. Hakurudi. Akasema amesikia leo mwanawe anasemeshwa na Mzungu, akaenda kusimama nje dirishani.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, na kofia yake ngumu ya jua aliiweka magotini. Nilisoma ukurasa wangu bila kosa hata moja. Akaitikia kwa kichwa, akafurahi. Akauliza kwa nini mkulima alilia.

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, nimelikariri. Lakini macho yalikwenda dirishani, nikamwona mama na lile tope, meno yake yote nje. Yeye hajui Kiingereza hata neno, angesikia sauti tu. Lakini mimi ninajua. Ningesimama mbele yake niyaite msiba maji aliyokuwa ameyaombea tangu mwaka jana?

Nikasema, "Bwana, hakuwa na sababu ya kulia. Maji yakipungua, atapanda."

Mzungu alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, kama mtu anayemtazama mbwa akitembea kwa miguu miwili. Mwalimu Nehemia akacheka baada yake, huku uso umekunjika, na darasa zima likamfuata, wana wa wakulima wale wale, matumbo yao yamejaa wali wa maji yale yale. Na juu ya kicheko chote kile kikapasuka kigelegele. Mama! Alipiga kigelegele kirefu pale dirishani, akarudia, akarudia tena, mpaka mkaguzi mwenyewe akanyamaza kutazama ni nini.

Jillo aliulizwa baadaye. Alisema huzuni, akaenda sekondari.

Mimi siku ile sikumsindikiza mama mtoni. Niliona ndiye aliyenimaliza. Wananidhihaki, naye mjinga wa watu anashangilia akidhani nasifiwa! Niliacha shule, nikaanza kuchuuza ndizi kwa mtumbwi, na kila nilipopata kitu nilikiweka mbele ya macho ya watu wajue Buya ni nani. Mama nilimjengea nyumba ya mabati, nikamlisha, nikamvisha. Lakini habari ya siku ile sikuigusa, na kigelegele chochote arusini kilinichoma.

Ni juzi juzi tu, akiwa ameshazeeka, anapepeta mchele uani, ndipo nilipomtupia kwa ukali: alikuwa anashangilia nini siku ile, mwanawe akichekwa?

Hakuacha kupepeta. "Nilimwona mwalimu wako uso wake," alisema. "Mtu anayesifiwa mwanafunzi wake hawi na uso ule. Nilijua wanakucheka. Ningeingia nimpige nani, Mzungu?" Akapuliza pumba. "Nilipiga kelele nyingi ili usiwasikie."

Mtoto yule wa darasa la nane alihesabu kila mtu chumbani na nje yake kuwa adui. Mwalimu na mkaguzi sijawasamehe, na sina haja. Bali kwa mama nilikaa na hasira miaka yote hiyo, hasira ya bure, na yeye aliijua, akala chakula changu na kunyamaza.

"Ulinisikia mimi, au uliwasikia wao?" aliuliza.

Nikamwambia nilimsikia yeye.

"Basi," alisema, akaendelea na mchele wake.