Alichokuwa Akikitazama Shangazi

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kila nikishika kijiti cha mkaa, na mikaa niliyoishika tangu hapo ni mingi. Nimeona nikusimulie leo kwa sababu kesho asubuhi unapanda gari kwenda Mkongo kumchora bibi yako mzaa mama. Jana nilikutazama ukipanga vifaa mkobani, ukavitoa, ukavipanga tena. Vifaa vyako ni vizuri. Mkono wako pia ni mzuri, tena kuliko wangu nilipokuwa na umri wako, na unajua mimi si mtu wa kusifu ovyo. Lakini kuna jambo moja halimo mkobani, na nisipokuambia mimi utaambiwa na mtu mwingine kwa njia chungu zaidi. Kaa hapo barazani, kahawa bado ina moto.

Nilikuwa kijana wa hapa hapa Ikwiriri, nimemaliza shule, na nilijiona fundi. Mwalimu wangu alikuwa amenipa boksi lake la pasteli, zile chaki laini za rangi, ambazo alikuwa amezitumia mpaka nyingine zikabaki vipande vidogo vya kushika kwa kucha. Kahawia haikuwemo. Rangi ya ngozi ya watu wote niliowajua haikuwemo ndani ya lile boksi, basi nikajifunza kuitafuta mwenyewe: chungwa chini, zambarau penye kivuli, mkaa juu yake, halafu unasugua kwa kidole taratibu mpaka mtu anatokea. Wewe leo una kahawia za kila namna, na bado nakuona unapaka moja uso mzima. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Mkaa nilijitengenezea. Nilikuwa naokota vijiti vya mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, kwenye miti ya kujengea iliyoletwa kutoka Delta, kule mto unapoingia baharini, navipanga ndani ya kopo, naziba kwa udongo, kisha nalifukia kopo kwenye moto wa mafiga hadi moshi unakoma. Ukilifungua kabla halijapoa, vijiti vinawaka vyote na unabaki na majivu. Nilibaki na majivu mara nyingi.

Sasa, kulikuwa na chuo cha sanaa kilichokuwa kikipokea vijana, na sharti lake lilikuwa moja: ulete picha ya mtu uliyemchora akiwa amekaa mbele yako. Picha ya kunakili kutoka fotografia hawakuitaka. Nilikitaka kile chuo kuliko kitu chochote. Baba yangu hakuwa na neno zuri wala baya juu yake. Yeye alikuwa na wasiwasi na habari nzima ya kuchora viumbe wenye roho, akanyamaza kwa kunipenda. Aliyesema niende ni dada yake, shangazi yangu Tatu, mjane, aliyenilea tangu mama alipofariki. Kwa hiyo nilipofikiria nimchore nani, sikufikiria mara mbili.

Shangazi hakuwepo mjini. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, na yeye alikuwa ng'ambo ya mto, bondeni, kwenye dungu lake. Wewe dungu unalijua kwa kupita tu. Sisi tulikuwa tukiishi humo, kile kibanda juu ya nguzo, maji yakija yanapita chini, na mtu anakaa huko mpunga mzima mpaka uvunwe. Kutoka dunguni Shangazi alikuwa amefunga kamba ndefu hadi katikati ya shamba, na kwenye kamba alining'iniza madebe mabovu. Ndege wakitua, anavuta kamba, madebe yanalia, anapiga ukelele, anarusha donge la udongo kwa kombeo, na matusi anayowatukana wale ndege siwezi kuyarudia mbele yako. Bonde lote lilikuwa hivyo, kila dungu na kelele zake.

Nilifika asubuhi, nikamwamkia, nikamweleza. Alifurahi, akaenda kuvaa khanga mpya. Nikamketisha pale kwenye ukingo wa dungu, uso wake ukielekea shambani ili mwanga umwangukie vizuri shavuni. Mimi nikakaa mbele yake, mgongo wangu ukiwa shambani. Mpunga ulikuwa ndio unaingiza maziwa, wakati ambao kwelea, wale ndege wala nafaka, wanaupenda kuliko wakati wowote, na mimi nilikuwa mtoto wa wakulima, nilijua hivyo vizuri kabisa. Lakini siku ile sikuwa mtoto wa wakulima. Nilikuwa msanii.

Nikamwambia, "Shangazi, usitikisike. Ukitikisika picha inaharibika, na nafasi yenyewe ndiyo hii moja."

Akaniuliza kama kamba anaruhusiwa kuishika. Nikamwambia ashike, ila asiivute, maana akivuta bega linapanda. Akasema, "Basi chora, baba." Baada ya hapo hakusema tena.

Mwanangu, nilichora siku ile kama sijawahi kuchora. Kila kitu kilinitii. Nilipata lile paji lake la uso, nikapata mkunjo wa khanga begani, nikapata mdomo, na wewe unajua mdomo unavyosumbua. Jua likaenda, nami nikawa naenda nalo. Nikaona macho yake yanahama polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, yakirudi, yakihama tena, nikasema moyoni haya ndiyo macho, haya hayapatikani kwenye fotografia. Nikayachora yakiwa upande wake wa kushoto, mazito, yamejaa. Nikaona mishipa ya mkono wake imesimama pale alipoishika kamba, nikaichora mmoja mmoja kwa ncha ya mkaa, nikajipongeza. Nyuma yangu nilikuwa nasikia sauti fulani, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Niliipenda. Ilinisaidia kutulia.

Aliyekuja kutukatiza ni Bi Somoe, mwenye dungu la jirani, bibi aliyekuwa mkubwa kwa Shangazi kwa miaka mingi. Alikuja kwa fimbo yake, tope hadi magotini, anahema. Alikuwa ameacha shamba lake kwa wajukuu akaja mbio, kwa sababu madebe ya Tatu yalikuwa kimya tangu asubuhi, na kimya cha madebe msimu ule kilikuwa na maana moja: mtu ni mgonjwa, au mtu amekufa.

Alipanda ngazi, akamkuta Shangazi mzima, amevaa khanga mpya, amekaa kama bibi harusi. Akanikuta na mimi na mikono myeusi. Hakupiga kelele. Aliomba aione picha, nikampa kwa majivuno makubwa, akaishika kwa ncha za vidole asije akaifuta, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umempata," akasema. "Huyu ni Tatu mwenyewe, hata mimi ningemjua. Sasa niambie, mjukuu wangu. Anatazama nini?"

Nikamjibu kwamba anatazama mbali, anawaza. Nilisema kitu kama hicho, maneno niliyokuwa nimeyasoma mahali.

Bi Somoe akasema, "Hebu geuka."

Niligeuka. Akapiga makofi, na shamba likainuka. Wale kwelea waliruka wote kwa pamoja, upande wa kushoto ukawa mweusi, halafu ukabaki mtupu. Masuke yaliyokuwa yameanza kuinama asubuhi yalikuwa yamesimama wima, mepesi, hayana kitu ndani. Ile mvua niliyoipenda ilikuwa midomo yao. Asubuhi nzima shangazi yangu alikuwa amekaa akitazama chakula chake cha mwaka kikiliwa, kamba iko mkononi, na hakuivuta.

Nililia, mwanangu. Sioni aibu kukuambia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, neno moja tu, ningeacha. Akanijibu kwa utulivu, huku akivua ile khanga mpya aikunje:

"Ulisema nikitikisika imeharibika. Mpunga nitapanda tena mwakani. Hiyo nafasi yako nilidhani hairudi."

Kwa hasira za kijana nikaichukua ile picha nikitaka kuichana. Bi Somoe akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu. Akaniambia, "Ichane, na mpunga wa mwenzako utakuwa umeliwa bure." Kisha akashuka ngazi kurudi kwake, na nikamsikia huko njiani akianza kuwatukana ndege kabla hata hajafika.

Sikurudi mjini. Nilikaa dunguni mpaka mavuno, tukaokoa kilichobaki, nikavuta kamba hadi viganja vikachubuka. Nilichora pia, lakini kwa vipandevipande: namtazama Shangazi anarusha kombeo, navuta mstari wa kiuno, ndege hao, naacha karatasi natoka mbio, narudi namalizia bega kwa kukumbuka. Hapo ndipo nilipojifunza kumchora mtu akiwa katika mwendo. Wengi wanadhani nilifundishwa chuoni. Chuoni walikuta nimeshajua.

Kwa maana chuoni nilipokelewa. Niliipeleka picha ile ile ya kwanza, kama alivyosema Bi Somoe. Walimu wakayasifia macho, mmoja wao akaeleza mbele ya darasa kwamba yana huzuni ya mjane. Nikainua mkono nikasema, samahani mwalimu, huyu anatazama ndege. Darasa likacheka. Mimi sikujali, kwa sababu nilikuwa nasema kweli na wao walikuwa wanakisia.

Mwaka ule kwa Shangazi tulikula muhogo sana, na mchele kidogo aliotoa Bi Somoe. Hakuna aliyenilaumu. Ila Shangazi alinibatiza jina, akawa ananiita Kwelea. Nikija likizo na njaa yangu, anapakua huku akiwaambia watoto wafunike sufuria, Kwelea amefika. Aliniita hivyo hadi siku alipotutoka, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mpaka leo hakuna jina ninalotamani kulisikia kama lile.

Picha yenyewe ndiyo ile unayoiona ukutani ndani, ile unayoniuliza kila mara kwa nini siiuzi. Pasteli yake imepukutika pembeni. Macho bado yanatazama kushoto kwake.

Sasa sikiliza, maana hiki ndicho nilichotaka uondoke nacho. Kuchora mtu aliye hai si kazi ya mwenye kuchora peke yake. Yule aliyekaa mbele yako ameacha kitu ili akae. Bibi yako ana goti linalouma, na ana kuku, na ana swala ya adhuhuri, na kwa kuwa anakupenda hatakuambia hata kimoja. Atakaa. Watu wetu ndivyo walivyo: ukiwaomba watulie watatulia hata nyumba ikiungua, wasije wakakuharibia. Kwa hiyo usimwachie yeye kazi ya kusema. Kabla hujafungua mkoba, kaa mahali atakapokaa yeye, uone anachokiona. Muulize ameacha nini jikoni. Ukiona jicho limehama, usikimbilie kulichora. Geuka kwanza utazame, ndipo uchore. Akitaka kuinuka ainuke, na wewe umchore ameinuka. Mstari ukivunjika utaurudia. Na usione haya kusimama katikati ya kazi nzuri, hiyo kazi itakungoja. Mimi nimefanya hivyo miaka yote hii na sijapungukiwa na kitu. Wanaosema ninajua kuchora macho hawajui kwamba ninachojua ni kugeuka.

Haya, nyoosha mikono nikuombee. Mwenyezi Mungu akuongoze njia ya kwenda na ya kurudi. Akupe jicho linaloona, mkono usiotetemeka, na shingo nyepesi. Akujaalie watu watakaokupenda hadi wakakaa kimya kwa ajili yako, na akupe wewe masikio ya kukisikia kimya chao. Amina. Msalimie bibi yako sana. Na ukirudi na picha, swali langu la kwanza unalijua, ni lile la Bi Somoe.